Gati la zamani kugeuzwa nyumba: andikeni nini ili msikilizwe

Swali: Ndugu mtaalamu, tunaishi kusini-mashariki mwa London, hatua chache kutoka gati la zamani la mto Thames lenye maghala mawili ya matofali. Kampuni imepeleka maombi halmashauri: maghala yageuzwe nyumba na pembeni yapandishwe majengo mawili mapya, jumla nyumba 240. Mtaa umegawanyika. Vijana wanataka nyumba, wazee waliofanya kazi mtoni wanataka gati libaki, wengine wanalalamikia kivuli cha ghorofa. Jirani wa gati hilo ni gati jingine ambalo bado linapokea mchanga na kokoto. Tumepewa siku 21 za kutoa maoni. Tuandike nini kitakachosikilizwa, na nini tusipotezee muda?

Jibu: Siku 21 zinatosha, mradi wiki ya kwanza muitumie kusoma na si kukusanya saini. Mitaa mingi ya kandokando ya Thames hukwama hapa. Watu mia mbili huandika "tunapinga", afisa mipango huzimaliza barua zote kwa muda mfupi, na ripoti yake huzifupisha kwa mstari mmoja. Barua moja inayotaja chumba, ukuta na namba ya mchoro humlazimisha ajibu hoja kwa hoja, kwa sababu asipoijibu, uamuzi wa halmashauri unaweza kushambuliwa mahakamani.

Mgawanyiko wenu nao usiwatie hofu. Anayetaka nyumba na anayetaka gati wanaweza kutia saini madai yaleyale. Pale Coin Street, ukingo wa kusini, wakazi walipinga ofisi kwa miaka wakiwa na mpango wao mkononi, na mwaka 1984 wakauziwa ekari 13 kwa pauni milioni 1. Oxo Tower Wharf, gati la hapohapo, ilipofunguliwa upya mwaka 1996 ilikuwa na nyumba 78 za ushirika juu ya maduka na karakana. Gati liligeuka nyumba kweli, lakini walioamua nani akae humo walikuwa wenyeji. Kwa upande mwingine, Convoys Wharf ya Deptford, mahali palipokuwa karakana ya meli za kifalme tangu 1513, maombi yake yalichukuliwa na Meya wa London na kupitishwa Machi 2014: hadi nyumba 3,500, na za bei nafuu asilimia 15 tu. Hata pale, sauti zilizoacha alama ni za waliokuja na pendekezo lililochorwa: kuijenga upya meli ya Lenox ya 1678 na kuirudisha bustani ya Sayes Court. Kusema "hapana" peke yake hakukuacha kitu chochote kwenye karatasi.

Sasa kazi yenyewe. Kama maghala yapo kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, kutakuwa na maombi mawili yenye namba mbili: moja la kibali cha ujenzi, jingine la ruhusa ya kugusa jengo la kihistoria. Barua iliyobeba namba moja huenda isihesabiwe kwenye faili la pili, kwa hiyo andikeni zote mbili. Angalieni pia kama maombi yana tathmini ya athari kwa mazingira. Yakiwa nayo, muda wa maoni ni siku 30 na halmashauri ina wiki 16 za kuamua. Yasipokuwa nayo ni siku 21 na wiki 13. Maoni yanayochelewa kwa kawaida hupokelewa mpaka siku ya uamuzi, ila yakifika baada ya ripoti ya afisa kuandikwa huwekwa kwenye nyongeza ambayo madiwani huipata dakika za mwisho.

Faili la maombi ya namna hii huwa na hati nyingi mno. Fungueni tano kwanza: ripoti ya urithi, tathmini ya kelele, tathmini ya mafuriko, mchanganuo wa gharama na faida, na michoro ya sakafu ya chini pamoja na ukingo wa mto. Nyingine zote zisubiri. Mkichapisha michoro, jihadharini na kipimo: mchoro wa karatasi ya A1 ukichapwa kwenye A3 hupungua nusu, na njia mliyodhani ina mita 3 kumbe ina 6. Pimeni kwa kutumia mstari wa kipimo uliochorwa pembeni, msitegemee maandishi ya 1:200.

Je, gati limelindwa?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi hulikumbuka mwisho. Tangu 1997 kuna magati ya Thames yaliyowekewa ulinzi kwa agizo la Waziri ili ukingo unaofaa kupokelea mizigo usimezwe wote na nyumba. Kwenye gati la aina hiyo halmashauri haiwezi kutoa kibali kabla ya kumshirikisha Meya, na Mpango wa London wa 2021, sera ya SI 15, hauruhusu matumizi mengine mpaka ithibitike kwamba gati haliwezi tena kufanya kazi ya mizigo wala kuwezeshwa kuifanya. Orodha na ramani za magati hayo ziko wazi kwa umma. Tazameni mpaka wenyewe, kwa sababu mara nyingine ulinzi unashika sehemu tu ya kiwanja.

Gati kukaa tupu si ushahidi kwamba halifai. Mwenye ardhi anayesubiri bei ya nyumba hana haraka ya kulikodisha kwa mpakuaji wa kokoto. Ulizeni: lilitangazwa kwa nani, kwa miezi mingapi, na kwa kodi ipi, ya gati au ya kiwanja cha nyumba? Kina cha maji mbele ya gati ni kiasi gani maji yakijaa? Lori linaweza kutoka bila kupita mtaa wa makazi? Chombo kimoja chenye tani 1,000 za mchanga kinaondoa barabarani safari 50 za lori la tani 20. Hoja hii ina uzito kwa vijana na wazee sawasawa, maana nyumba zote zinazotakiwa London zinajengwa kwa zege, na mchanga wa zege lazima ushukie mahali. Ukingo wenye kina ukishajengewa vyumba vya kulala haurudi kuwa gati tena. Ndiyo maana hoja hii ninaiweka mbele ya urefu wa majengo.

Jirani wa kokoto

Hata kama gati lenu halikulindwa, la jirani huenda limelindwa, na hapa ndipo maombi mengi yana udhaifu. Kanuni inayotumika London, sera ya D13, inamtaka anayeleta matumizi mapya abebe mzigo wa kujikinga na kelele iliyokuwapo kabla yake. SI 15 inapanua jambo hilo mpaka kwa majengo yaliyo ng'ambo ya mto, maana sauti husafiri vizuri juu ya maji.

Kanuni hiyo ni ya mipango miji tu. Mtu akishahamia, sheria ya mazingira ya 1990 inampa haki ya kulalamikia kero ya kelele, na halmashauri ikiridhika kwamba ni kero inalazimika kutoa amri ya kuizuia. Hivyo ndivyo gati linaloishi linavyoweza kuuawa na majirani waliolikuta. Kinga lazima iwe kwenye ramani kabla ya tofali la kwanza.

Fungueni tathmini ya kelele, mtafute tarehe za upimaji. Kisha chukueni jedwali la maji kujaa na kupwa linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya London, mlinganishe. Vyombo vya mizigo hufuata maji, si saa ya ofisi. Saa ya maji kujaa husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo wiki moja chombo kinafungwa gatini saa nane mchana na wiki nyingine saa nane usiku. Kinasa sauti kilichowekwa Jumanne hadi Alhamisi wakati wa maji mafu, maji yanapojaa kidogo, kinaweza kisisikie upakuaji hata mmoja. Ripoti itasema usiku ni kimya, na dirisha la chumba cha kulala litachorwa likitazama kreni. Andikeni hivi hivi: "Upimaji ulifanyika tarehe fulani, tunaomba urudiwe ukihusisha angalau upakuaji mmoja wa usiku wakati wa bamvua (maji yanapojaa sana), na mwendeshaji wa gati athibitishe kwa maandishi kwamba ilikuwa kazi ya kawaida."

Kipimo kinachotumika kwa kelele za viwanda ni BS 4142. Kinalinganisha kelele ya kazi na utulivu wa kawaida wa mahali, kisha kinaongeza adhabu kwa sauti zinazokera: hadi desibeli 6 kwa mlio wa aina moja kama king'ora cha lori likirudi nyuma, na hadi 9 kwa vishindo kama ndoo ya kreni ikigonga chuma. Jumla ikizidi utulivu wa mahali kwa takriban desibeli 10, hiyo ni dalili ya athari kubwa. Tazameni kama adhabu ziliongezwa. Kokoto zikimwagwa kwenye hopa hutoa vishindo, na ripoti iliyoweka sifuri kwenye safu hiyo inastahili kuulizwa kwa nini.

Jibu la mwendelezaji huwa ni vioo vizito. Hapo geukeni kwenye joto. Kanuni za ujenzi, Hati O, zinasema kelele ya usiku ndani ya chumba cha kulala ikipita wastani wa desibeli 40, wakazi wachukuliwe kuwa watafunga madirisha. Basi nyumba ipozwe kwa njia nyingine. Kama ripoti ya kelele inasema madirisha yafungwe, na ripoti ya joto inahesabu madirisha yakiwa wazi, hati mbili za maombi yaleyale zinapingana. Nakilini kurasa zote mbili mziweke pamoja. Linalofaa kudaiwa ni upangaji: korido, ngazi na majiko yatazame gati la kokoto, vyumba vya kulala vigeukie upande mwingine, na roshani za upande huo zifungwe kwa vioo vinavyofunguka. Ongezeni ombi la mkataba wa kuruhusu kelele uandikwe kwenye hati ya kila nyumba, ili mnunuzi ajue anachonunua.

Maghala yenyewe

Kama maghala hayamo kwenye orodha ya taifa na hayako ndani ya eneo la hifadhi, chukueni hatua leo kabla ya barua nyingine yoyote. Jengo la namna hiyo linaweza kubomolewa kwa taarifa fupi kwa halmashauri hata kabla maombi ya nyumba hayajaamuliwa. Mtu yeyote anaweza kuwaandikia Historic England, taasisi ya taifa ya urithi, kuomba liorodheshwe, bila ada. Hatari ikiwa karibu, halmashauri inaweza kutoa notisi ya kulinda jengo kwa miezi 6 wakati ombi linasubiri. Pelekeni picha za wazi: nguzo za chuma cha kusubu, mwaka uliochongwa, kreni za ukutani, milango ya kupakulia iliyopangana ghorofa kwa ghorofa.

Likiwa limeorodheshwa, kifungu cha 66 cha sheria ya majengo yaliyoorodheshwa ya 1990 kinaitaka halmashauri ijali kwa namna ya pekee kulihifadhi jengo pamoja na mazingira yake, na kifungu cha 72 kinafanya hivyo kwa maeneo ya hifadhi. Afisa atapima madhara dhidi ya manufaa kwa umma. Maneno "linaharibu historia yetu" hayampi cha kupima. Tajeni kitu: mlango wa kupakulia wa ghorofa ya tatu unaondolewa, mchoro namba fulani, njia ya mawe ya graniti inafunikwa lami, ngazi ya kushukia ufuoni inafungwa kwa geti. Kama kuna sehemu ya jengo la kihistoria inayobomolewa, vyama vya kitaifa kama Victorian Society vina haki ya kujulishwa. Waandikieni ukurasa mmoja mapema, kwa sababu maoni yao yananukuliwa karibu neno kwa neno.

Mchoro mmoja utazameni kwa karibu: mkato wa ukuta wa nje baada ya ukarabati. Ghala la Thames la karne ya 19 lina ukuta mzima wa matofali, mara nyingi unene wa sentimita 45 au zaidi chini, na ncha za boriti za mbao zimezama ndani yake. Ukuta huo ulilowa mvua kwa zaidi ya miaka 100 na ukakauka pande zote mbili, kwa kuwa chokaa hupitisha mvuke na ghala lilikuwa na upepo. Sasa bandika kwa ndani sentimita 10 za povu na karatasi ya kuzuia mvuke ili nyumba itunze joto. Ukuta unabaki baridi, upande wa ndani haukauki tena, na ncha za boriti zinakaa kwenye unyevu mwaka mzima. Mbao zikipita asilimia 20 ya unyevu kwa muda mrefu, ukungu wa kuoza huanza. Sakafu juu inaonekana safi, huku ncha iliyomo ukutani imegeuka unga. Nje, mafundi wakiziba viungo kwa saruji badala ya chokaa, maji hutafuta njia ya kutokea kwenye tofali lenyewe, na barafu ya Januari huupasua uso wake vipande vipande.

Dai la kuandika: kizuizi cha joto kinachopitisha mvuke, kama mbao za nyuzi, kwa unene wa sentimita 4 hadi 6 badala ya 10, lipu na viungo vya chokaa, na hesabu ya unyevu kwa kiwango cha BS EN 15026 kwa ukuta unaotazama mvua, iwasilishwe kabla ya kazi kuanza. Ombeni pia mita moja ya mraba ya ukuta wa sampuli, ikaguliwe na afisa wa urithi. Ni sharti dogo kwa mjenzi, na ndilo linalookoa ukuta mzima.

Kina cha ghala ni tatizo jingine. Jengo la mita 25 kutoka mbele hadi nyuma likigawanywa kwa korido ya katikati hutoa nyumba ndefu zenye dirisha upande mmoja, na jiko likiwa gizani. Mpango wa London, sera ya D6, unataka nyumba zenye madirisha pande mbili, na za upande mmoja kwa kawaida ziepukwe. Hesabuni ziko ngapi na ngapi kati yake zinatazama kaskazini. Suluhisho linaweza kuwa kutoboa ua wa ndani, ila ua huo unakata sakafu na nguzo za kihistoria, na hapa wapenzi wa historia na wapenzi wa nyumba bora hugombana kweli. Uamuzi wangu: afadhali nyumba chache, kubwa, zinazopenya kutoka mbele hadi nyuma, kuliko ua uliokula nusu ya nguzo. Milango ya kupakulia ibaki na mbao zake, ifunguliwe na kufungwa kwa kitasa, kioo kirudishwe ndani. Pale mtaa wa Shad Thames, penye maghala ya Butler's Wharf ya 1871 hadi 1873, madaraja ya chuma ya kuvushia mizigo juu ya mtaa yamebaki, na bado mpita njia anaelewa mizigo ilipita wapi.

Ombeni pia kwamba bango la historia litaje bidhaa na zilikotoka. Ivory House ya St Katharine Docks, ambayo leo ni nyumba na maduka, ilikuwa ghala la pembe za ndovu, zikiwemo za Afrika Mashariki. Bango linalosema tu "biashara ya dunia" linawanyima watoto wenu wa London sehemu ya hadithi inayowahusu.

Ukuta wa mto na njia ya umma

Ukuta unaozuia Thames ni wajibu wa mwenye ardhi ya ukingoni. Nyumba mpya huhesabiwa maisha ya miaka 100, kwa hiyo ulizeni ukuta una umri gani na utadumu kiasi gani. Kazi yoyote ndani ya mita 16 kutoka kwenye ukuta wa kuzuia maji au ukingo wa mto unaojaa na kupwa inahitaji kibali cha Wakala wa Mazingira, na kinachojengwa juu ya ufuo au maji kinahitaji leseni ya Mamlaka ya Bandari. Kuta nyingi za zamani zimefungwa kwa vyuma vinavyoingia ardhini mita nyingi kuelekea bara. Nguzo za msingi wa jengo jipya zikichimbwa bila kuvitafuta vyuma hivyo, zinavikata, na ukuta huanza kulalia mtoni. Sharti: vyuma vitafutwe na kuchorwa kabla ya mpango wa nguzo kukubaliwa.

Mpango wa mafuriko wa mdomo wa mto Thames, uliosahihishwa 2023, unataka kuta za upande wa juu wa mto kutoka Thames Barrier, lango la kuzuia mafuriko, ziwe zimeinuliwa kufikia 2050. Mchoro wa leo unaonyesha benchi na mandhari ya mto. Ukuta ukiinuliwa baadaye, aliyeketi ataona tofali. Basi njia iinuliwe sasa, kwa mwinamo usiozidi 1 kwa 20 ili kiti cha magurudumu kipite bila taabu. Sakafu ya chini isiwe na vyumba vya kulala vilivyo chini ya kimo cha maji endapo ukuta utabomoka, na ngazi ya kukimbilia juu iwe ndani ya nyumba yenyewe.

Kuhusu njia, maneno ni kila kitu. "Njia yenye ruhusa ya umma" inaweza kufungwa na meneja wa jengo. "Haki ya umma kupita, saa 24, siku zote" haiwezi. Ombeni maneno ya pili yawemo kwenye makubaliano ya kifungu cha 106, yaani mkataba unaomfunga mwendelezaji kwa halmashauri, na njia ifunguliwe kabla ya asilimia fulani ya nyumba kukaliwa, si "mradi ukikamilika". Mradi wa awamu tatu unaweza kukaa miaka kumi bila kukamilika. Ngazi za kupandia kutoka majini, minyororo ya kushika kwenye ukuta na maboya ya kuokolea viorodheshwe kwa idadi na mahali.

Nyumba za nani?

Vijana wenu wana haki ya kuuliza swali hili kwa ukali. Mpango wa London wa 2021 uliweka asilimia 35 ya nyumba za bei nafuu kama kizingiti cha kukwepa uchunguzi wa kina wa mahesabu, na 50 kwa ardhi ya umma au ya viwanda inayopoteza uwezo wa kazi. Oktoba 2025 Serikali na Meya walitangaza njia ya muda yenye kizingiti cha asilimia 20. Someni mwendelezaji ametumia njia ipi.

Akisema hawezi kufikia kizingiti, mchanganuo wake lazima uwe wazi kwa umma. Tafuteni tarakimu mbili. Ya kwanza ni thamani ya ardhi: mwongozo wa Serikali unasema ianzie kwenye thamani ya matumizi yaliyopo, pamoja na nyongeza ya kumshawishi mwenyewe auze. Gati chakavu lina thamani ya gati chakavu, na ikiwa bei aliyolipa akiota minara imeingizwa kama gharama, hiyo ni hoja yenu. Ya pili ni faida: mwongozo unataja asilimia 15 hadi 20 ya thamani ya mauzo. Aliyejiwekea 20 kwenye nyumba za kupangisha aeleze hatari inayomstahilisha. Daini mapitio ya mahesabu mwishoni, ili soko likipanda sehemu ya ziada irudi mtaani.

Kivuli na mambo mengine

Thamani ya nyumba yako kushuka, au mandhari ya mto kupotea dirishani kwako, si hoja za mipango miji, ziacheni. Mwanga ni hoja. Mwongozo wa BR 209 hupima mwanga wa anga unaofika dirishani: ukishuka chini ya asilimia 27 na pia ukabaki chini ya 0.8 ya ulivyokuwa, mkazi atauona upungufu. Jedwali liko nyuma ya ripoti, dirisha kwa dirisha. Tafuteni anwani yenu. Shule, zahanati na maegesho yatajeni kwa ufupi, kwa ombi la fedha mahususi.

Kuandika na kusema

Barua ya mtu iwe ukurasa mmoja na nusu, hoja tatu, kila hoja na namba ya mchoro na sharti mnalotaka. Gawaneni: mmoja kelele, mmoja ukuta, mmoja mahesabu. Saini nyingi kwenye karatasi moja mara nyingi huhesabiwa kama wasilisho moja. Barua kumi tofauti ni kumi. Semeni wazi mnachounga mkono pia. "Tunaunga mkono nyumba kwenye maghala, tunapinga jengo B likiwa na vyumba vya kulala upande wa mashariki" ni sentensi ambayo diwani anaweza kuigeuza pendekezo ukumbini.

Ripoti ya afisa hutolewa siku 5 kamili za kazi kabla ya kikao. Itafuteni asubuhi hiyohiyo, mwone kama hoja zenu zimejibiwa, na kosa lolote la ukweli mwandikieni afisa siku hiyo. Muda wa kusema ukumbini ni mfupi, dakika chache tu. Jitayarisheni kuutumia kwa masharti yanayokosekana, si kwa kurudia barua. Nyumba zikizidi 150, au jengo la kando ya Thames likizidi mita 25, faili linakwenda kwa Meya pia, naye ana siku 14 baada ya kupokea azimio la halmashauri kuliacha, kuagiza likataliwe, au kulichukua mwenyewe. Nakala ya barua zenu iende huko mapema.

Kibali kikitolewa, jirani hana rufaa. Kuna Mahakama Kuu tu, ndani ya wiki 6, na kwa kosa la kisheria, si kwa kutoridhika. Lakini masharti yote tuliyoyataja, sampuli ya ukuta, vyuma vya ardhini, kelele, njia, huja baadaye kama maombi madogo yenye namba zake, na mengi hupita bila mtu kuyafungua. Jiandikisheni kwenye mfumo wa taarifa wa halmashauri kwa anwani ya gati, na mmoja wenu apewe jukumu la kuyasoma kila Ijumaa mpaka wakazi wa mwisho wahamie.